Kuku Aliyeipa Zambia Mgongo

Tumemzika Mzee Saidi hapa hapa Tunduma, na mpaka leo naandika haya hasira haijanitoka. Sio hasira ya msiba. Mzee kala chumvi nyingi, kaugua kidogo, kaondoka wanawe wote wapo. Hasira yangu mimi ni ya hotuba. Watu walisharudi kutoka makaburini, wanaume wamekaa kwenye mikeka chini ya turubai, sisi wanawake tuko uani na masufuria, mara nasikia kwenye maiki sauti ninayoijua. Bwana Gidioni. Katoka Mbeya na gari lake, tumbo limetangulia, kuja kumzika fundi tairi wake wa zamani. Anasema enzi zile pale yadi hatukujua udini, Mwislamu na Mkristo tulikula chungu kimoja, vijana wa leo waige mfano. Watu wakawa wanatingisha vichwa kwamba naam, naam. Mimi nilikuwa nakata vitunguu, machozi yananitoka, mama mmoja jirani yangu akanishika bega akanipa pole. Nikamwambia ahsante mama, ila haya ni ya kitunguu, na yule anayeongea ni mwongo.

Chungu kimoja tulikula, hapo kasema kweli. Lakini aliyetaka kukivunja hicho chungu ni yeye. Sasa kwa kuwa yeye kapewa maiki na mimi nimepewa vitunguu, acha nisimulie kwa kalamu. Darasa la saba nilimaliza, kuandika najua. Habari za ukoo wangu ziacheni, nimezaliwa Itaka, kwetu ni kahawa na mahindi na kanisa la Moraviani, inatosha. Ninachotaka kusimulia ni mwaka mmoja tu, ule uliofuata mvua za El Niño, barabara zimeliwa na maji, malori yanajaa Tunduma kama ng'ombe kwenye mto, na mimi binti mwenye mdomo mrefu kuliko umri wangu napata kazi ya kupika kwenye yadi ya malori.

Jiko lenyewe lilikuwa banda la mabati lililobandikwa kwenye ukuta wa gereji. Ukiingia asubuhi unakutana na harufu mbili zinagombana, moshi wa kuni na mpira wa tairi uliochomwa. Nje kulikuwa na meza ndefu ya mbao za makreti, na pembeni bomba la maji ambalo chini yake palikuwa na tope siku zote, kiangazi na masika. Madereva walikaa hapo wakisubiri karatasi zao za mpakani, wengine wiki nzima, hawana kazi ila kula na kusema uongo. Ukitaka kujua nani kaoa mke wa pili Ndola, nani gari lake limekamatwa Kapiri, kaa pale meza ya makreti ujifanye unafuta vyombo. Wazambia nao walikuja kula. Wao ugali wanaita nshima, kuku wanaita inkoko, na mimi nikajifunza Kibemba cha kuuzia chakula tu, cha kutongozwa nilikataa kujifunza.

Jikoni tulikuwa wawili. Mwenzangu ni Mama Zawadi, mtu mzima, Mndali wa Mbebe kule Ileje, Msabato wa kweli kweli. Nguruwe hali, kambale hali, chai ya rangi hanywi. Siku yangu ya kwanza nilimuuliza sasa mama unakula nini, akaniambia nakula na akili yangu, wewe koroga ugali. Yeye na Waislamu walipatana sana kwenye habari ya nguruwe. Madereva walimwambia mama wewe umebakiza shahada tu, naye anawajibu na nyie mmebakiza Jumamosi.

Na fundi tairi alikuwa Mzee Saidi. Mrangi wa Kondoa, mfupi, mikono myeusi ya grisi mpaka viwikoni, mkali kama pilipili. Msije mkadhani namtengeneza malaika kwa kuwa kafa. Alikuwa mbishi, chai ikipoa kidogo anakurudishia, na akikuta ndoo imeachwa njiani anaipiga teke halafu anauliza nani kaacha ndoo. Lakini kila asubuhi, kabla hajagusa tairi, anakuja pale bombani, ananawa kwa sabuni ya unga mpaka ile grisi inakubali, anachukua kisu chake mwenyewe kutoka kwenye kitambaa, na anachinja kuku wa siku hiyo. Hakuna aliyemwajiri kwa hilo. Hakuna aliyelipanga. Nimekuta iko hivyo. Kuku walikuja kwa baiskeli ndani ya matenga kutoka vijijini, vijana Wanyiha wenzangu wanawaleta, mimi nawashika mabawa na miguu, mzee anawageuza kuelekea kibla, anasema maneno yake, kazi imekwisha. Kwa pale kwetu kibla iko kaskazini, na Zambia ikabaki nyuma. Kwa hiyo nikawa natangaza kwa sauti ya muuza mnadani, jamani kuku wa leo kafa kaipa Zambia mgongo. Wazambia walicheka kuliko wote.

Wiki za mwanzo jambo hilo liliniuma, siwezi kuficha. Nilichinja kuku kwetu tangu sijaota meno ya ukubwani. Iweje hapa mikono yangu ionekane haifai? Nikamuuliza, maana mimi kitu kikinikaa kooni lazima kitoke. Nilimuuliza mzee, mimi mkono wangu mchafu? Yeye ana grisi mpaka kwenye kope. Aliniangalia, akafuta kisu, akasema, "Binti, ukichinja wewe, mimi sitakufukuza wala sitakutukana. Nitakula ugali na maharage. Nikichinja mimi, wewe unakula?"

Nikamwambia nakula, na shingo naomba.

"Basi hesabu ni hiyo. Sio mkono wa nani msafi. Ni nani akichinja wote tunakaa meza moja."

Hapo nikaelewa, na sijawahi kuelewa kitu kwa haraka hivyo tangu nizaliwe. Mimi nikila alichochinja yeye sipungukiwi na Umoraviani wangu hata chembe. Yeye akila nilichochinja mimi, kuna kitu ndani yake kinavunjika. Haijalishi mimi nakiona au sikioni. Nilihitaji mtu wa kuninyooshea tu. Na ndivyo ilivyokuwa kwenye mengine. Ijumaa mchana Waislamu wanakwenda msikitini, sisi tunabeba kazi yao. Jumamosi Mama Zawadi hayupo, mimi napika peke yangu na utingo mmoja ananimenyea viazi. Jumapili mimi niko kanisani naimba kwaya, Mama Zawadi anashika jiko. Mwezi wa Ramadhani tulipika uji wa futari, na Mama Zawadi ndiye aliyekuwa hodari wa kuutia pilipili manga. Kazi haikulala hata siku moja. Hakuna semina iliyofanyika, hakuna mtaalamu aliyekuja na chati.

Utani ulikuwepo, tena mwingi. Wao waliniita kafiri mpishi, mimi niliwaita wajukuu wa mtume wasiojua kunawa. Na utani wangu mkubwa, ule wa kila siku, ulikuwa huu: naweka sufuria mezani, nagonga mwiko, natangaza kwamba leo kachinja Liza mwenyewe, anayeogopa aniachie paja. Wanacheka, wanagombania paja. Kulikuwa na dereva mmoja wa Dar, Twaha, kijana wa ndevu safi, ye ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote. Mzee Saidi hakucheka. Siku moja alinipita akasema kwa chini, "Liza, utani mwingine punguza. Hilo ni tumbo la mtu." Nikaona mzee kazeeka.

Halafu ndio akaja Bwana Gidioni. Meneja mpya, kaokoka, shati jeupe kwenye yadi ya malori, yaani hapo tu ungejua kuna tatizo. Kuokoka kwake sina ugomvi nako, dada yangu mwenyewe kaokoka na ni mtu mwema. Ugomvi wangu ni kwamba aliokoka yeye, akataka tuokoke sote kwa amri ya ofisi. Asubuhi ikawa tunapangwa mstari getini kwa maombi, fumba macho, funguo za malori mkononi. Mimi sikufumba, nilitaka kuona. Twaha katoa macho anaangalia angani kama anasubiri mvua. Mama Zawadi anaomba ya kwake, midomo inakwenda tofauti. Mzee Saidi kasimama na nyundo yake. Meneja akimsalimia "Bwana asifiwe," mzee anajibu "Salama tu, za kwako." Kila siku, hivyo hivyo, na uso mkavu. Mpaka leo sijajua kama alikuwa anafanya makusudi.

Tulivumilia. Kusimama mstarini hakuui mtu. Lakini kijana yule wa shati jeupe alianza kukaa dirishani mwa ofisi yake wakati wa kuchinja. Naona pazia linasogea. Siku moja namsikia anamuuliza karani wake, mlango uko wazi na mimi napeleka chai, iweje kampuni yenye viongozi Wakristo jikoni iongozwe na Mwislamu, ina maana sisi wengine ni najisi? Nikatua chai. Nilitamani nimwambie ile hesabu ya mezani, lakini mimi ni mpishi wa darasa la saba na yeye kasoma mpaka miwani. Nikanyamaza, na kunyamaza huko kulinichosha kuliko kubeba kuni.

Haikupita muda, asubuhi moja mzee kafika tu akaambiwa kuna lori limelala Mlowo, matairi mawili, apande pikapu aende sasa hivi. Akaondoka hajanawa hata mikono. Kuku wako kwenye tenga. Bwana Gidioni akaja mwenyewe mpaka jikoni, kwa mara ya kwanza, anakwepa tope.

"Eliza, leo utachinja wewe."

Nikamwambia sawa bosi, kuchinja najua. Nitaongeza sufuria ya maharage kwa ajili ya Waislamu.

"Maharage ya nini? Watakula kuku kama kawaida."

"Hawatakula, bosi. Nikiwaambia tu hawatakula."

Akatabasamu, na tabasamu lile ndilo nililoliona tena juzi kwenye maiki. "Nani kasema uwaambie? Kwani kuku ana dini? Wapikie, wale, washibe. Wakishamaliza mwezi ndio tutawaambia, waone kwamba hawakufa."

Mama Zawadi alikuwa nyuma yangu anapepeta mchele. Ungo ulisimama.

Nataka nieleweke hapa. Kuchinja sikuona tabu. Mwajiri kaniambia nichinje, nimechinja, vizuri, kisu kikali, kuku hakuteseka. Kilichoniwasha ni hilo la kufunga mdomo. Mtu anakaa mezani kwako, amekuaminia tumbo lake, kichwa chake, na Mungu wake, halafu wewe unamtazama anavyotafuna unasema moyoni huyu hajui. Hiyo sio dini yoyote. Hata mchawi anaona haya. Na alitaka kulifanya kwa mkono wangu. Wa kwake ubaki na shati jeupe.

Nikapika. Maharage nikapika pia, liwalo na liwe. Mchana madereva wakakaa. Nikaweka sufuria ya kuku mezani, na kabla mtu hajanyoosha mkono nikasema, jamani sikilizeni, kuku wa leo nimechinja mimi. Mzee yuko Mlowo. Waislamu maharage haya hapa.

Meza nzima ikaangua kicheko.

Twaha akasema huyu binti bwana, leo kaja na mpya, kaongeza na Mlowo. Nikasema sitanii. Wakacheka zaidi. Nikasema naapa kwa Biblia. Mmoja akajibu sisi hatuapiwi kwa Biblia, lete jingine, na watu wakapiga meza kwa mikono. Nikamwita Mama Zawadi aseme, naye akatoka na kusema ni kweli wanangu, lakini wakajua kamfundisha huyu huyu Liza, leo wamepanga wawili. Nilitaka kulia nikashindwa, nikaanza kucheka kwa woga, basi ndio nikaharibu kabisa. Twaha akachota paja. Mchuzi unadondoka, naliona linapanda kuelekea kwenye zile ndevu safi, na mimi sina neno jingine lililobaki. Maneno yangu yote nilishayatumia kwenye utani.

Nikalinyakua lile paja mkononi mwake. Nikashika sufuria kwa vitambaa, moto, nikaenda nayo mpaka bombani, nikaimwaga yote kwenye tope. Kuku, mchuzi, nyanya, vyote. Mvuke ukapanda. Wazambia wawili waliokuwa wanasubiri zamu yao walisema tu "aah" kwa masikitiko ya kweli.

Hapo ndipo walipoamini. Nikasubiri ahsante. Sitasema uongo, niliisubiri, nimesimama na sufuria tupu kama mtu anayengoja kupigwa picha. Twaha akainuka taratibu. Uso umebadilika, hakuna utani tena.

"Na jana je?"

Nikasema jana kachinja mzee.

"Na juzi? Maana kila siku ulisema umechinja wewe. Umetulisha kibudu mara ngapi, we binti?"

Neno hilo kibudu lilipita kwenye ile meza kama moto kwenye nyasi. Watu ambao nimewapikia uji wa futari wakaanza kuniangalia mikono. Mmoja akatema mate. Mimi niliyetupa chakula kwa ajili yao. Mama Zawadi ndiye aliyewanyamazisha, kawaambia jana kachinja Saidi mbele ya macho yenu, mlikuwa mmekaa hapo hapo mnapiga mswaki, au macho mlikuwa mmeyafumba? Walikaa. Lakini hawakula, hata maharage hawakula. Na mimi hasira niliyokuwa nayo kwa meneja ikagawanyika, nusu nikampa Twaha, na kwa taarifa yake bado ninayo.

Bwana Gidioni akatoka ofisini. Hakuuliza nani kachinja. Aliuliza nani kamwaga chakula cha kampuni. Nikasema mimi, na sababu unaijua. Akawageukia madereva, sauti ya upole kabisa, ile ya maombi, akasema kampuni haiwezi kuvumilia mfanyakazi anayeleta udini kazini. Mimi. Udini. Nikavuliwa aproni pale pale, mbele ya tope lenye kuku. Kila mmoja alikuwa anawaza mkate wake.

Kesho yake asubuhi nimekaa nje ya chumba changu cha kupanga kule Sogea, nawaza nirudi Itaka nikavune kahawa, naona Mzee Saidi anakuja na baiskeli. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Akasema, "Umemwaga kuku wazima kwenye tope?"

Nikamwambia nimemwaga.

"Wakristo wa pale si wangekula? Wazambia je? Chakula cha Mungu kile. Ungewaondolea sahani Waislamu tu."

Nikamwambia mzee, ningewaondolea wangedhani ni mchezo, hawakuniamini, nimeapa mpaka nimechoka. Akakaa kwenye jiwe. Akafikiri. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani mzee analia, kumbe anacheka, anacheka mpaka kofia inaanguka. Alipomaliza akafuta macho akasema marahaba. Halafu akauliza, kama jambo la kawaida, "Sasa sisi tutakula wapi?"

Ndivyo genge langu lilivyoanza, ng'ambo ya barabara, mbele kabisa ya geti la yadi, turubai na mafiga matatu. Kila asubuhi kabla hajaingia kazini mzee alivuka barabara na kisu chake kwenye kitambaa, ananawa, anachinja, mimi nashika mabawa, kuku anaipa Zambia mgongo. Halafu anawageukia waliokaa na kutamka, kachinja Saidi. Kila siku. Hakuniachia hata siku moja niseme mimi, na mimi ule utani sikuurudia. Madereva walihamia kwangu, meza ya makreti ikabaki ya kuku walio hai kuparuria. Meneja alimwambia mzee aache kuvuka, naye akamjibu salama tu, za kwako. Mama Zawadi alipolazimishwa kufanya kazi Jumamosi alivua aproni mwenyewe, akavuka barabara na ungo wake. Twaha naye alikuja, baada ya safari kadhaa. Kasimama, akauliza na leo je, mzee akamjibu, akakaa, akala. Pole hakunipa. Sahani alirudisha tupu.

Kwa hiyo mtu anieleze, huyu aliyeniita mdini anapata wapi mdomo wa kusema tulikula chungu kimoja, juu ya mkeka wa Mzee Saidi, watoto wake wanasikiliza? Kupatana kwetu kulikuwa kazi. Kulikuwa kunawa grisi kila asubuhi. Yeye alikikuta chungu chetu, akakipiga teke, na sasa kimekuwa kizuri kwenye hotuba.

Juzi pale msibani vijana ndio waliokuwa wanapeleka masinia kwa wanaume. Sinia moja nilimpokonya kijana. Akina mama wakaniambia Mama, wewe kaa, nikasema hili nalipeleka mwenyewe. Nikapita katikati ya mikeka, miguu yenyewe siku hizi inalalamika, mpaka kwa Bwana Gidioni. Hakunitambua. Akanipa tabasamu lile lile, akaanza kukunja mikono ya shati, jeupe. Nikaweka pilau mbele yake na sikuliachia sinia.

"Nyama ni ya mbuzi," nikamwambia, na waliokaa karibu wote wakasikia. "Kachinja Athumani, mtoto wa marehemu, asubuhi, kaipa Zambia mgongo. Vitunguu nimekata mimi, Liza wa jikoni. Nakuambia kabla hujala."

Mkono wake ulibaki hewani. Nikaliachia sinia, nikarudi kwenye masufuria.